Taa ya Alhamisi Kuu

Waya ulikatika ukiwa haujabeba kitu. Injinia Gaudensia Tenganamba alikuwa ndiyo kwanza anauvuta kwenye mashine ya kupimia, taratibu, huku akimweleza Baba Askofu namna kipimo kinavyosomwa, na haukufika hata nusu ya uzito uliopaswa kuubeba. Ulitoa mlio mkavu, ncha zake mbili zikaanguka kwenye sakafu ya ghala. Injinia aliinama, akaokota ncha moja na kuifumua kwa koleo. Kwa nje waya ulikuwa unang'aa vizuri tu. Kwa ndani ulikuwa mweusi na unamong'onyoka kama jino bovu.

"Huu umetoka wapi?" Askofu Polikarpi Sunguya aliuliza.

"Ni mzigo uleule, Baba Askofu. Waya wa Bonde la Nzuwi ulikatwa kwenye bunda hilihili."

Waya wa Nzuwi Askofu aliujua. Aliubariki mwenyewe siku ya uzinduzi, maji ya baraka mkono mmoja na mkasi wa kukatia utepe mkono wa pili, maana huko Lwamba anayebariki na anayezindua ni mtu mmoja. Tangu mvua kubwa ziliposomba barabara zote za milimani, watu wa Lwamba walivuka mabonde wakiwa wamening'inia kwenye waya, ndani ya vibanda vya bati walivyoviita vikapu. Mwaka wa nne ulikuwa unakatika tangu kikapu cha Nzuwi kianguke na watoto wa shule ndani. Mwendeshaji wake, Leokadia Mwanakulya, alihukumiwa kwa kuua kwa uzembe. Mahakama ilisema hakuukagua waya asubuhi ile. Yeye alisema aliukagua. Akaendelea kusema hivyo mpaka watu wakachoka kumsikia.

"Kwa hiyo ubovu huu hakuna ambaye angeuona kwa macho," Askofu alisema.

"Hakuna. Hata mimi nisingeuona."

Kisha Askofu akauliza nani mwingine anajua. Injinia alimwangalia kidogo kabla ya kujibu kwamba ni wao wawili tu. Ilikuwa njiani, wakati wa kurudi Ikulu, ambayo ilikuwa nyumba ileile ya uaskofu iliyoongezewa mlingoti wa bendera, ndipo aibu ilipomwingia. Mwanamke amekaa gerezani miaka bila kosa, na swali la kwanza lililomtoka mchungaji wake lilikuwa lile.

*

Tusimrukie upesi, maana kiti chenyewe hakikuwa na mto.

Lwamba ilizaliwa baada ya vita vya kugombea maji, na ilipozaliwa hakuna upande uliokubali kutawaliwa na mwenzake. Wazee wa pande mbili walibishana hadi sauti zikawakauka, ndipo mmoja akasema basi apewe Askofu, kwani hana mtoto wa kumrithisha wala shemeji wa kumpa zabuni. Watu walicheka, halafu wakaona kumbe ni neno. Roma ilinuna, mwisho ikaridhia kwa shingo upande. Tangu hapo kila anayesimikwa kuwa askofu wa Lwamba anaamka kesho yake akiwa mkuu wa nchi, na Polikarpi alikuwa wa pili kuamka hivyo.

Ila Mizani ilikuwa yake mwenyewe. Aliiomba kwa Injinia Gaudensia mwaka wake wa kwanza, alipoona magereza yamejaa wauaji wa vita na vijiji vimejaa wajane, na hakuna anayejua lini wa huku atarudi kule. Ilikuwa bamba la kioo cheusi, pana kama meza ya watu wawili, lililolazwa chini. Mtu alisimama juu yake miguu mitupu, kosa lake likasomwa kwa sauti, na kioo kikasoma jasho la nyayo, mwendo wa damu na mtetemo mdogo wa neva ambao mwenyewe hausikii. Injinia alipenda kusema kwamba uso wa binadamu umeshasomea uongo, lakini nyayo hazijapata shule. Watu wengi sana walikuwa wamesimama juu ya kioo kile kwa hiari, wakiwaza mambo waliyoyajutia, hadi mashine ikajua majuto yanavyopita mwilini. Ikiyakuta, taa iliyoning'inia juu ya kioo iliwaka. Isipoyakuta, taa ilikaa gizani.

Kila Alhamisi Kuu, katika misa ya kuoshana miguu, wafungwa kumi na wawili waliletwa kanisa kuu na kupanda Mizani mbele za watu. Yule ambaye taa ilimwakia, Askofu alimwosha miguu kama Bwana alivyowaosha mitume, na mfiwa wa kosa lake akaja kumfuta kwa taulo. Mfiwa akimaliza kufuta, Mkuu wa Nchi alikuwa amemwachia huru mfungwa, palepale, bado ana maji mikononi. Kwa taa ile wauaji walirudi vijijini wakaishi uzio kwa uzio na watu waliowaulia ndugu. "Taa iliwaka," watu waliambiana, na panga likabaki darini.

Kwa Leokadia taa ilikataa mara tatu. Sheria, yenye saini ya Polikarpi, ilisema anayekataliwa mara ya nne ni mtu wa moyo mgumu, avushwe mpaka wa nchi, aingizwe Nyika Kavu. Waliovushwa hawakuwahi kurudi hata kusalimia. Na Alhamisi ya safari hii ndiyo ilikuwa ya nne.

Sasa Askofu alijua kwa nini taa ilikataa. Asiye na kosa hana cha kujutia. Mizani haikufundishwa kumtambua asiye na kosa, kwa sababu yeye aliyeiagiza hakuwahi kumfikiria mtu wa namna hiyo. Alikuwa amewaza wakosaji tu, wale wanaolia na wale wasiolia, akaona amewaza watu wote. Alipoligundua hilo, akiwa peke yake mezani na chai imepoa, uso ulimwaka moto kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

Jambo la haki lilikuwa jepesi kulitamka: atangaze kwamba mwanamke hana hatia na taa ilikosea. Lakini taa ikikosea kwa mmoja, nani atawazuia watu wasiulize ilikosea kwa nani mwingine? Nani atamzuia mjane wa kijiji cha Kisumba asimtazame tena jirani yake na kusema, nawe pia ulituchezea? Kumsamehe kimyakimya hakukuwezekana, maana sheria yake mwenyewe ilimfunga: hakuna msamaha bila taa. Polikarpi alizunguka na jambo hilo hadi akapata kichochoro, na alipokipata akajisemea kwamba heri nusu shari kuliko shari kamili. Methali ni kama mashahidi wa kukodi, ukiihitaji ya upande wako huikosi.

*

Kesho yake, Jumanne, alikwenda gereza la wanawake. Kila mwezi alikwenda pale kama padri, akakaa nyuma ya dirisha la wavu kwenye kikanisa chao na kuwaungamisha. Safari hii stola, utepe wa shingoni wa padri, aliiacha garini. Leokadia alikuwa uani, amekaa kwenye mkeka na kikapu cha maharage ya kumenya, mwanamke mwembamba ambaye mvi zilimwanzia gerezani.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama."

"Milele amina, Baba Askofu."

Alimweleza habari ya waya, yote, bila kuficha. Leokadia aliendelea kumenya kwa muda kama anayesikia habari za mtu mwingine, kisha vidole vikasimama. Alilia bila sauti. Akajifuta kwa pindo la kanga, akauliza anarudi nyumbani lini.

Alhamisi, Askofu alisema. Halafu akaanza kufafanua, na kadiri alivyofafanua ndivyo alivyoisikia sauti yake ikigeuka kuwa ya mtu wa jukwaani. Nchi bado changa. Amani yenyewe imeegemea taa ile. Akitoka kwa njia ya taa hakuna atakayeumia, na mwaka mmoja au miwili mbele, mambo yakishatulia, yeye Askofu atalisafisha jina lake mwenyewe.

"Haitawaka, Baba," Leokadia alisema. "Mwaka jana nilijaribu hata kujisingizia. Nikajiambia, pengine kweli sikuukagua. Haikuwaka."

"Taa haijui unajutia nini, mama. Inajua tu kwamba unajuta." Aliyaangalia maharage. "Mfikirie mama yako mzazi. Zile siku alipokuwa anakuita nawe hukwenda."

Ua ulikuwa na wanawake wengine upande wa pili, wanafua na kutaniana. Leokadia aliwaangalia hao, si yeye.

"Hilo nilimwambia padri," akasema polepole. "Pale dirishani, nimepiga magoti. Mkuu wa nchi kalisikia wapi?"

Askofu alikuwa amefundisha seminari miaka mingi, na somo lake lilikuwa hilohilo: yaliyosemwa kitubioni hayatumiki nje, hata kwa wema, hata kuokoa nchi. Aliwasimulia vijana habari za mapadri waliokufa wakiwa wamefunga midomo. Sasa alijiambia kwamba hajamwambia mtu, amemrudishia tu mwenyewe kilicho chake. Alipolisikia wazo hilo kichwani mwake, alijionea haya.

Lakini hakuondoka. Angeweza kuinuka, akaomba radhi, akaenda. Alibaki ameketi kwenye kigoda.

"Mwanangu Fortunata ndiye mtu pekee aliyebaki anayeamini sikuua," Leokadia alisema. "Shule wanamtania moyo mgumu, na anawajibu. Nikiwasha taa, ataona mama yake alikuwa anamdanganya miaka yote."

"Usipoiwasha, hatakuwa na mama wa kumwuliza."

Alilisema kwa upole, kwa sauti ileile ya kufariji wafiwa, na upole huo ndio uliokuja kumtesa baadaye kuliko maneno yenyewe. Leokadia alirudi kwenye maharage. Alisema amesikia. Askofu aliponyanyua mkono ambariki, mwanamke aliinama juu ya kikapu, akaanza kuchambua yaliyooza.

*

Alhamisi jioni kanisa kuu lilijaa hadi ngazi za nje. Wafungwa walipanda kioo mmoja baada ya mwingine, taa ikawaka kwa wengi na kukataa kwa wachache. Kila ilipowaka, vigelegele vilipanda na Askofu alishuka kwenye magoti yake ya uzee na beseni lake. Injinia Gaudensia alikuwa kwenye mitambo, pembeni ya nguzo. Jioni nzima hakumtazama Askofu hata mara moja.

Leokadia alikuwa wa mwisho. Aliposimama juu ya kioo watu walinyoosha shingo, maana alikuwa maarufu kwa ugumu wake. Msomaji wa mashtaka akasoma: kwamba asubuhi ile hakuukagua waya, na watoto wa watu wakafa. Leokadia alifumba macho. Askofu alimwona anavyokaza taya, kisha akaona taya linalegea, midomo ikatikisika, na akajua mwanamke amefika pale alipomtuma. Yuko kwenye kitanda cha mama yake, amechelewa.

Taa ikawaka.

Vigelegele vya kabla havikuwa kitu. Watu walisimama juu ya viti, mabibi walitupa kanga hewani, na mtu mmoja karibu na kwaya alisema kwa sauti kwamba hata jiwe hulainika. Askofu alipiga magoti, akaushika mguu wa Leokadia na kuumwagia maji. Alipoinua macho hakuona uso wake, kwani ulikuwa umegeukia nyuma ya kanisa, kwenye nguzo ya mwisho. Pale alisimama binti mrefu mwenye sare ya shule, mikono imelegea kiunoni. Fortunata. Hakuwa analia. Alikuwa anamtazama mama yake kama mtu anayesoma jina asilolifahamu, halafu akajifunika kichwa kwa sweta na kuanza kupenya watu kuelekea mlangoni.

Na Mzee Vedasto Chisunga akaja na taulo. Alikuwa amepoteza mtoto wa kiume katika kikapu cha Nzuwi, mtoto wake wa uzeeni, na miaka yote alikuja Alhamisi Kuu na taulo lake akarudi nalo kavu. Ilimchukua muda kupiga magoti. Alipofika chini alikaa ubavuni mwa Askofu, bega kwa bega, akaushika ule mguu kwa taulo na kuanza kuufuta kwa uangalifu, kati ya kidole na kidole, huku machozi yakimdondoka.

"Nimekuachia, mwanangu," alimwambia Leokadia. "Nimechoka kukuchukia. Nenda kalee."

Askofu aliyasikia hayo akiwa ameshika beseni. Aibu haikumjia kama wazo safari hii. Ilikuwa imepiga magoti bega kwa bega naye. Mzee huyu alikuwa anatoa msamaha uliomgharimu miaka, na anampa mtu asiyeuhitaji, kwa ajili ya taa iliyowashwa na askofu.

Alisimama, na maji yakamwagika kwenye kanzu.

"Fortunata," akaita. "Usitoke."

Kipaza sauti cha altare kililichukua jina hilo likazunguka kanisa zima. Binti alisimama mlangoni bila kugeuka.

"Mama yako hakuua. Aliukagua waya kama alivyosema. Waya ulikuwa umeoza ndani, na ni serikali yangu iliyoununua, na ni mimi niliyeubariki. Nimejua tangu Jumatatu." Akalitua beseni kando ya kioo. "Taa imewaka kwa sababu nilikwenda gerezani nikamfundisha jinsi ya kuiwasha. Kwa nini imewaka, msimwulize, na mimi msiniulize. Analolijutia ni lake na Mungu. Kosa hili hana."

Kwenye viti vya katikati mtu mmoja, aliyewahi kuoshwa miguu palepale miaka ya nyuma, aliinamisha kichwa, na jirani yake wa kanisani akajisogeza akaacha nafasi kati yao. Nafasi hiyo ilikuwa ndogo, mtoto mdogo asingeketi, lakini Askofu aliiona, akaona na nyingine, na nyingine.

Mzee Vedasto alikuwa bado chini. Alimwangalia Leokadia, akauangalia mguu alioushika, akauachia taratibu kama kitu cha mtu. Kisha akashika ukingo wa kiti cha Askofu na kujiinua.

"Ulijua tangu Jumatatu," alisema, "na leo umeniacha nipige magoti."

"Ndiyo, Mzee."

"Panda."

Askofu hakuelewa, au alielewa na hakutaka. Mzee alikinyooshea kioo kidole.

"Panda na wewe, Baba Askofu. Tuone."

Polikarpi Sunguya alivua viatu, akavua na soksi, na mkuki aliouzoea kwa nguruwe akausikia sasa unavyouma kwa binadamu. Nyayo zake zilikuwa nyeupe na laini za mtu wa ofisini, akaona haya hata kwa hizo. Leokadia alishuka kumpisha. Alipanda. Kioo kilikuwa cha baridi kuliko alivyowahi kufikiri, ingawa alikuwa amewapandisha watu juu yake miaka yote ile. Hakukuwa na mashtaka yaliyoandikwa ya kumsomea, basi alisimama tu, kanzu imelowa, akisubiri.

Taa iliwaka mara moja. Ilimwakia haraka kuliko ilivyowahi kumwakia mfungwa yeyote, nyeupe, kamili, bila hata kusitasita. Kwa sheria aliyoitunga na kuitia saini, kuanzia dakika ile alikuwa mtu huru asiyedaiwa na yeyote.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mzee Vedasto aliitazama taa kwa muda.

"Kumbe ni rahisi hivyo," akasema.

Akalikunja taulo lake mara mbili, akalitia kwapani kama alivyozoea kurudi nalo, akaondoka. Leokadia alikuwa ameshafika katikati ya kanisa. Hakuwa amengoja amri ya kumwachia wala askari hakuthubutu kumgusa, na watu walimpisha bila kumtazama usoni. Mguu mmoja ulikuwa umefutwa na wa pili haukuoshwa, na kwenye sakafu alikuwa anaacha alama za vumbi na maji. Fortunata alimngoja mlangoni. Hawakukumbatiana pale, mbele za watu. Binti alivua sweta akamfunika mama yake mabega, wakatoka.

Askofu alibaki juu ya kioo. Mwanga wa taa ulimpiga usoni, na kila mtu alikuwa anauona uso huo vizuri.

"Izime," alimwambia Injinia, karibu kwa kunong'ona.

Injinia Gaudensia sasa alimtazama, kwa mara ya kwanza jioni ile.

"Haizimwi, Baba Askofu. Inazimika ukishuka."

Alitazama chini atafute pa kukanyaga. Upande mmoja lilikuwapo beseni, na upande wa pili walikuwa watu, wote wamesimama, wakimsubiri waone atashukia wapi.